Dagaa wa Mama na Mifupa Yangu

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 43, na ninaishi Mwanza pamoja na watoto wangu wawili na mama yangu mzazi. Figo zangu zilishindwa kufanya kazi miaka mitano iliyopita, baada ya shinikizo la damu nililolipuuza kwa muda mrefu, na tangu hapo ninasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Bima ya kazini hulipia huduma hiyo, na mwalimu mkuu amenipangia vipindi vya asubuhi ili mchana niwahi hospitali. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Kinachonifanya nikuandikie ni maumivu ya mifupa. Yalianza mwaka jana kwenye visigino, yakapanda miundini, na sasa yako kwenye nyonga na mbavu. Hayafanani na maumivu ya uchovu. Ni kama kuna kitu kinachokereza mfupa kutoka ndani, na usiku huzidi. Kipindi kikiisha huwa nimeegemea meza, nao wanafunzi wameshazoea kunifutia ubao. Ngozi nayo inaniwasha kiasi kwamba ninalala na kitana kando ya mto. Daktari alinieleza kuwa fosforasi imejaa kwenye damu yangu. Karatasi ya mwezi uliopita inaonyesha miligramu 7.9 kwa desilita, wakati maabara yenyewe imeandika pembeni kwamba kiwango cha kawaida ni kati ya 2.5 na 4.5. Alisema pia kuwa homoni ya tezi ndogo zilizo shingoni imepanda mno, na kwamba isiposhuka katika miezi michache ijayo itabidi niende Dar es Salaam nikaonwe na daktari wa upasuaji, pengine tezi hizo ziondolewe.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama ni mzaliwa wa Ukerewe. Baba alipofariki, alitulea kwa biashara ya dagaa: alinunua mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, alfajiri, akaanika, akapakia magunia na kuvuka nayo ziwa. Ada yangu ya sekondari na ya chuo cha ualimu ilitoka kwenye magunia hayo. Alipohamia kwangu kuja kuniuguza, alikuja na gunia la dagaa kama mtu anayekuja na dawa. Kila asubuhi hunipikia uji wa ulezi, soya na karanga, akachanganya na unga wa dagaa aliousaga mwenyewe, kisha akamimina maziwa juu yake. Husema kwamba mfupa hulishwa kwa mfupa, na kwamba hata wauguzi wa kliniki ya wajawazito walimfundisha hivyo. Jioni ni dagaa wa kuunga kwa nyanya na ugali wa muhogo. Ninakula vyote.

Kila mwezi mtaalamu wa lishe huniuliza kama ninakula dagaa, nami hujibu kuwa nimeacha. Akiuliza maziwa, nimeacha. Kwa sababu hiyo daktari ameniongezea dawa za kufunga fosforasi mara mbili, kwanza vidonge vya kalsiamu vya kutafuna, kisha vingine ambavyo bima yangu hailipii, na hivyo hununua nusu tu ya dozi. Vyote huvinywa usiku kabla ya kulala pamoja na dawa za presha, kwa maana sitaki walimu wenzangu wanione nikitoa vidonge wakati wa chai ya saa nne. Maumivu yakizidi, hununua diklofenaki kwenye duka la dawa la mtaani, na tangu mwezi wa tatu ninameza mbili kwa siku. Bado ninapata mkojo kidogo, kama kikombe kimoja.

Nikimwambia mama kwamba uji wake ndio unaoniumiza, nitamvunja moyo. Mdogo wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, na mama husema kazi aliyobakiziwa na Mungu ni moja, kunilisha. Nikimwambia daktari, atajua nimemdanganya mwaka mzima. Nikinyamaza, huenda nikapasuliwa shingo kwa sababu ya bakuli la uji. Nilipokuwa kidato cha pili, mzigo wote wa mama ulinyeshewa na kuoza, naye alituficha muhula mzima, akauza cherehani yake na kutuambia biashara inakwenda vizuri. Nilipokuja kujua nilikasirika kuliko nilivyohuzunika. Huenda nami nimerithi tabia hiyo. Nifanye nini?

Binti wa Ukerewe, Mwanza

*

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa maumivu na kwa uzito wa kuyabeba peke yako.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona mambo mengi: dagaa, vidonge, upasuaji, diklofenaki. Mara ya tatu niliona watu wawili wanaokuhudumia kwa bidii, mmoja jikoni na mwingine kliniki, kila mmoja akimtibu mgonjwa ambaye hayupo. Mama anamlisha binti ambaye figo zake zinafanya kazi. Daktari anamwandikia dawa mgonjwa ambaye hali dagaa, anayemeza dozi kamili, na ambaye hatumii dawa yoyote ya maumivu. Wewe umesimama katikati, na mifupa ndiyo inayolipa gharama. Kama nimekusoma vibaya utanisahihisha.

Niruhusu nimtetee mama kidogo, kwa sababu nami nililelewa kwa uji wa namna hiyo. Alichofundishwa kliniki ni sahihi kwa mjamzito na kwa mtoto anayekua. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa yake, na humo mna kalsiamu na fosforasi tele. Takriban asilimia 85 ya fosforasi ya mwili wa binadamu imo ndani ya mifupa na meno. Mama hakosei anaposema kwamba mfupa hujengwa nayo. Tofauti ni kwamba kwa mtu mzima wa afya kinachozidi hutolewa na figo kwa njia ya mkojo siku hiyohiyo, na kwako wewe mlango huo umebaki upenyo. Fosforasi hurundikana kwenye damu, kalsiamu hupungua, na figo ambazo zilikuwa zinaiandaa vitamini D ili ifanye kazi haziwezi tena. Tezi nne za parathiroidi, ndizo zile ndogo za shingoni, kila moja kwa kawaida ikiwa na ukubwa wa punje ya mchele, huona upungufu huo na kuanza kumwaga homoni inayouagiza mfupa utoe kalsiamu yake. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, tezi hukua na kuzoea kumwaga bila kusikiliza. Uliposema kuna kitu kinachokereza kutoka ndani, ulieleza vizuri kuliko vitabu vingi. Kuwashwa kwako mara nyingi huenda pamoja na hali hiyohiyo, na kalsiamu ikikutana na fosforasi nyingi kwenye damu huweza kuganda kwenye kuta za mishipa na kwenye moyo. Hii ndiyo sababu madaktari huhangaikia tarakimu hiyo hata kwa mgonjwa asiyelalamika maumivu.

Wengi hujiuliza kwa nini mashine isiiondoe fosforasi yote, nawe huenda umejiuliza. Kipindi kimoja cha saa nne huondoa kwa makadirio miligramu 600 hadi 1,000. Tuseme 800, mara tatu kwa wiki ni 2,400. Mtu anayekula kwa uangalifu hupata miligramu 800 hadi 1,000 kwa siku, na hata kama utumbo wake unanyonya zaidi ya nusu kidogo tu, kwa wiki huingiza karibu 4,000. Isitoshe, fosforasi nyingi imejificha ndani ya seli na mifupa, hivyo mashine huisafisha damu upesi katika saa za mwanzo, na ukishateremka kitandani ile iliyojificha hurudi kuijaza damu. Pengo linalobaki ndilo linalozibwa na dawa za kufunga, pamoja na ule mkojo wa kikombe kimoja unaoutaja kana kwamba si kitu.

Hapa nina swali linalonisumbua kuliko hata la dagaa. Unakunywa vidonge vyako usiku kabla ya kulala, pamoja na vya presha. Je, kuna aliyewahi kukueleza vinafanya kazi wapi? Dawa hizi hazimo katika kundi la dawa za damu. Kazi yake ni kuishika fosforasi ndani ya utumbo, ikiwa bado imechanganyika na chakula, na kutoka nayo chooni. Zikiingia kwenye tumbo tupu saa nne usiku, uji wa asubuhi umeshapita zamani na fosforasi yake imeshanyonywa. Vile vya kalsiamu, visipokutana na chakula, huacha kalsiamu nyingi zaidi iingie kwenye damu, jambo ambalo kwako si la heri. Inawezekana basi kwamba kwa mwaka mzima umelipia dawa ambayo haijapata nafasi ya kufanya kazi, na daktari akaihesabu kuwa imeshindwa. Sisemi hayo ili ujilaumu. Nakuomba tu ulitazame jambo hili kwanza, kwa maana huenda ndilo rahisi kuliko yote: halimhitaji mama abadilike, wala haliongezi shilingi moja. Linahitaji ustahimili macho ya walimu wenzako wakati wa chai, na nakiri kwamba kwa mtu anayetaka aonekane mzima hilo si jepesi. Wengine huvibeba vidonge kwenye kikopo cha peremende. Kwa kuwa tuko kwenye chai hiyohiyo, soda nyeusi za kola huwekewa asidi ya fosforasi, na fosforasi inayoongezwa kiwandani hunyonywa karibu yote, tofauti na ile ya maharage na karanga ambayo sehemu kubwa hupita tu. Soseji na nyama za kopo zimo kundi hilo, na hata mandazi yaliyoumuliwa kwa baking powder hayako mbali.

Kuhusu diklofenaki sitazunguka sana. Dawa za jamii hiyo hujeruhi tumbo, nawe kila unaposafishwa damu kwa kawaida huwekewa dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine. Kidonda cha tumbo kwa mtu wa hali yako kinaweza kuvuja damu nyingi kabla hujajua. Huweza pia kukausha ule mkojo uliobaki, na mkojo huo unatoa fosforasi kila siku, hata siku usizokwenda hospitali. Tafadhali usingojee kliniki ya mwezi ujao. Mwambie muuguzi katika kipindi chako kinachofuata, umwombe dawa nyingine ya maumivu kwa kipimo anachokijua. Vilevile maumivu ya nyonga yakikujia ghafla ukashindwa kukanyaga, au yakitokea mabaka meusi yenye maumivu makali kwenye ngozi, hilo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa niulize jambo moja ambalo barua yako imelichukua kama limeshathibitika. Unaamini kwamba uji ndio unaokupasua shingo. Inawezekana umechangia sana. Lakini umeishi na ugonjwa wa figo kwa miaka, na tezi hizo huweza kupanda hata kwa mgonjwa anayefuata masharti yote. Maumivu ya mifupa nayo yana vyanzo vingine: upungufu wa vitamini D, ufa mdogo ambao haujapigwa picha, hata mfupa ambao kujijenga kwake upya kumepungua mno kwa sababu ya dawa. Hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kutazama bakuli, na daktari hawezi kulijua kwa kutazama 7.9 ambayo historia yake ameipata nusu. Kuna jambo jingine: ile vitamini D iliyoandaliwa tayari, ambayo hutumika kuzituliza tezi hizi, huongeza pia unyonywaji wa fosforasi, na ndiyo maana madaktari wengi husita kuitoa fosforasi ikiwa juu. Kwa hiyo jibu lako la "nimeacha" huenda linaufunga mlango ambao hukujua kuwa upo.

Unaogopa kwamba daktari atakuona mwongo. Huenda akakunja uso. Madaktari ni binadamu. Ila mtu anayehudumia wagonjwa wa figo kila siku ameshasikia "nimeacha" nyingi sana, na wengi wao husikia ahueni mgonjwa anapowapa sababu ya tarakimu waliyoshindwa kuielewa. Kama kumwambia uso kwa uso ni kugumu, unaweza kuanza na mtaalamu wa lishe, au kuandika kwenye karatasi chakula cha siku tatu kama kilivyo, pamoja na saa unazokunywa dawa na nusu dozi unayoimudu, ukamkabidhi bila hotuba. Hatari yake ni aibu ya robo saa, na pengine atasema upasuaji bado unahitajika. Upasuaji huo huwasaidia watu, na kwa baadhi maumivu hupungua sana; lakini baada yake mfupa uliokuwa unanyang'anywa huanza kuivuta kalsiamu kwa pupa, na mgonjwa huhitaji kupimwa mara kwa mara na kupewa kalsiamu kwa siku kadhaa, wakati mwingine kwa wiki nyingi. Ni afadhali uamuzi wa namna hiyo ufanywe na mtu aliyeona hesabu zote.

Namfikia mama, na hapa ndipo ninapokwenda polepole.

Unaweza kuendelea kunyamaza nyumbani huku ukisema kweli hospitali. Si jambo la ajabu. Wako wanaoanza hivyo. Utakunywa uji nusu, utasema umeshiba, utampa mtoto bakuli lililobaki. Gharama yake unaijua: mama ataona unaacha chakula, na kwa mama anayeuguza, mgonjwa anayeacha chakula ni habari mbaya kuliko mgonjwa anayebadilishiwa chakula. Kuna hatari ya pili pia. Mtu anayesafishwa damu anahitaji protini zaidi kuliko alivyohitaji kabla ya kuanza kusafishwa, na ukiyakata dagaa, maziwa na karanga kimyakimya bila kuweka kitu mahali pake, utakonda, na mwili uliokonda hauvumilii mashine.

Unaweza kumwambia yote. Unaweza pia kumchukua umwingize kwenye chumba cha mtaalamu wa lishe, asikie kutoka kwa mtu mwenye koti jeupe, kwa kuwa kliniki ndiyo iliyomfundisha na huenda akaona si vibaya kliniki ndiyo imrekebishe. Hata hapo sina hakika atalipokea vipi. Anaweza kulia. Anaweza kusema hospitali haijui kitu. Anaweza pia kuuliza swali ambalo hukulitarajia, kwamba basi nikupikie nini, na hilo lina majibu. Ute wa yai una protini nzuri na fosforasi kidogo sana, tofauti na kiini chake. Minofu ya sato iliyotolewa miba, kwa kipande kilichopimwa na vidonge vikiwa mezani, si sawa na dagaa mzima aliyekaushwa. Nyama ikichemshwa na maji yake kumwagwa hupoteza sehemu ya fosforasi. Ule ugali wa muhogo ambao ni chakula cha kwao una fosforasi kidogo kuliko unga wa dona, ingawa potasiamu yake inabidi uiulizie. Mtu aliyejua kuchagua dagaa mwaloni gizani kwa kuwashika tu, sidhani kama atashindwa kujifunza jiko la mgonjwa wa figo. Lakini wewe ndiye unayemjua, mimi nimemsoma kwenye karatasi tu.

Unasema kazi aliyobakiziwa ni kukulisha. Nimejiuliza kama kazi hiyo ni uji wenyewe, au ni wewe kuwa hai.

Kuna sentensi uliyoiweka mwishoni, haraka, kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajaulizwa: kwamba mama alipouficha msiba wa mzigo wake ulikasirika kuliko ulivyohuzunika. Ningependa ujiulize, ukiwa umetulia, ulikasirikia nini hasa siku ile. Sina jibu lake, na wala huna deni la kunijibu mimi.

Pengine utaanza na vidonge wakati wa chai na lile neno kwa muuguzi kuhusu diklofenaki, mengine yakafuata au yakangoja. Niandikie ukishapata majibu ya damu ya mwezi ujao, uniambie tarakimu ilipofika, na pia kama mama umemwambia au bado. Yote mawili nitayapokea. Mfikishie shikamoo yangu.

Mama Mshauri